Jua lawaka Diani, mbona vitamini D iko chini?

Zamani ilikuwa nadra kwa mgonjwa kuingia kliniki Ukunda au Msambweni akiwa na karatasi ya vitamini D mkononi. Siku hizi si ajabu tena. Kipimo hicho huuzwa pamoja na vingine katika ule uchunguzi wa "mwili mzima", damu ikatolewa asubuhi, sampuli ikavushwa Likoni kwenda Mombasa au ikasafirishwa hadi Nairobi, na baada ya siku mbili tatu majibu yakaja kwenye simu. Kando ya nambari mbili, ya kalsiamu na ya vitamini D, pamechapishwa herufi L nyekundu, maana yake iko chini. Usiku huo mwenye simu halali.

Maswali ninayoulizwa huwa mawili. La kwanza: "Daktari, mimi mzaliwa wa Gazi, jua limenichoma tangu utotoni. Nitakosaje vitamini ya jua?" La pili: "Maziwa nanywa kila siku. Hiyo kalsiamu imekwenda wapi?" Yote mawili ni maswali ya haki. Nitaanza na la pili kwa kuwa jibu lake ndilo linalowashangaza wengi.

Kalsiamu ya damu si kipimo cha chakula

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Kile kidogo kinachobaki kwenye damu hulindwa kwa ukali, maana moyo, misuli na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila hicho. Walinzi wenyewe ni tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kila moja ukubwa wa punje ya mchele. Kalsiamu ikishuka kidogo tu, tezi hizo hutoa homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake, figo zizuie kalsiamu isipotee kwenye mkojo, na vitamini D igeuzwe kuwa ile aina yenye nguvu inayoyasaidia matumbo kufyonza kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula.

Kwa hiyo mtu anaweza kula sima kwa mchuzi mtupu mwaka mzima, na kalsiamu yake ya damu ikatoka sawasawa. Damu inakopa kwa mfupa, na mfupa haulalamiki mpaka siku umechakaa. Kinyume chake, mtu anayekunywa maziwa na akakutwa kalsiamu iko chini, kwa kawaida tatizo lake haliko kwenye kikombe. Huenda liko kwenye hizo tezi, kwenye figo, kwenye vitamini D au madini ya magnesiamu. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, tatizo halipo kabisa, ni karatasi tu imesomwa nusu.

Nieleze hili la kusoma nusu, kwa sababu nalikuta karibu kila mwezi. Kiasi cha kawaida cha kalsiamu kwa mtu mzima ni kati ya 2.2 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake inayotofautiana kidogo. Karibu nusu ya kalsiamu hiyo haielei huru, bali nyingi ya nusu hiyo imejishikiza kwenye protini ya damu iitwayo albumini. Albumini ikipungua, jumla ya kalsiamu nayo huonekana imepungua, ilhali ile iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, iko vilevile. Albumini hushuka kwa mgonjwa aliyelazwa siku nyingi, kwa mwenye ini au figo mbovu, kwa aliyedhoofika kwa utapiamlo, na kwa mama mjamzito, ambaye damu yake huongezeka maji.

Mama mmoja wa miezi saba aliletwa na mumewe, wote wawili wamefadhaika, kwa sababu kalsiamu yake ilikuwa 2.0. Walikwisha kuambiwa na jirani kwamba mtoto "anakula mifupa ya mamake". Nikatazama chini zaidi kwenye karatasi hiyo hiyo: albumini 28. Hesabu yake mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Chukua 40, toa albumini yako, zidisha kwa 0.02, kisha ongeza kwenye kalsiamu. Kwake ilikuwa 40 toa 28, yaani 12, mara 0.02 ni 0.24, ukiongeza kwenye 2.0 unapata 2.24. Sawasawa kabisa. Hesabu hii ni ya kukadiria, na penye shaka hupimwa ile kalsiamu huru yenyewe, lakini inatosha kuwarudishia watu usingizi. Kama karatasi yako ina kalsiamu bila albumini, uliza albumini kabla ya kuuliza dawa.

Lipo kosa jingine la kuchekesha, kama halikuleta madhara. Chupa za kutilia damu huwa na vifuniko vya rangi tofauti, na ile ya zambarau ina dawa ya EDTA inayozuia damu isigande kwa kuifunga kalsiamu yote. Damu ya chupa hiyo ikimwagiwa kwenye chupa nyingine, hata kidogo, majibu hutoka kalsiamu iko chini mno na potasiamu iko juu mno. Mtu anayetembea na kucheka hawezi kuwa na nambari kama hizo. Dawa yake ni kutoa damu upya.

Ikiwa iko chini kweli

Sasa tuseme hesabu imefanywa, damu imerudiwa, na kalsiamu bado iko chini. Hapo pana jambo, na dalili zake huanzia mwisho wa mwili: ganzi na kuchomachoma kwenye ncha za vidole na kuzunguka mdomo. Kisha misuli hukakamaa, mkono ukajikunja vidole vikikutana kama vya mtu anayetaka kuokota punje ya mchele. Wakati mwingine hali hiyo hujitokeza mtu anapofungwa mkono kupimwa presha. Ikizidi huleta degedege, koo kubana, na mapigo ya moyo kwenda ovyo. Mwenye dalili hizi asingoje miadi ya kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo, awe ni usiku au mchana.

Sababu zake ni kadha. Aliyepasuliwa tezi ya shingo, hata kama ni miaka iliyopita, huenda zile tezi nne ndogo ziliondolewa au ziliumia. Mwenye figo zilizochoka huwa na kalsiamu chini na fosfeti juu. Mnywaji mkubwa, awe wa mnazi au wa chupa, hupoteza magnesiamu, na bila magnesiamu zile tezi hulala. Unaweza kumpa kalsiamu mwezi mzima isipande. Vivyo hivyo kwa baadhi ya wanaomeza omeprazoli ya vidonda vya tumbo kwa miaka bila kupumzika. Na mwisho yupo aliyepungukiwa vitamini D kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu. Neno "kikubwa" nimelitia makusudi, kwa maana upungufu mdogo wa vitamini D haushushi kalsiamu.

Nambari ya vitamini D

Hapa kwanza tazama kipimo kilichotumika. Maabara moja huandika kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita, na hii ya pili ni kubwa mara mbili na nusu. Nimewahi kusuluhisha mabishano ya ndugu wawili, mmoja Ukunda na mwingine Muscat, huyu ana 18 na yule ana 45, wa Ukunda akijiona yuko kaburini. Kumbe 18 ya huyu na 45 ya yule ni kitu kile kile.

Je, kiasi gani kinatosha? Mwaka 2011 jopo la taasisi ya tiba ya Marekani lilisema 20 kwa nanogramu, yaani 50 kwa nanomoli, yawatosha karibu watu wote kwa afya ya mifupa. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa homoni cha nchi hiyo hiyo kikasema la, lengo liwe 30. Maabara nyingi duniani zikashika hiyo 30, na ndiyo sababu watu wazima wa afya waliojaa tele wakaanza kuandikiwa L. Mwaka 2024 chama hicho kiliiacha 30 hiyo, na kikashauri kwamba mtu mzima asiye na ugonjwa wala dalili hana haja ya kupimwa vitamini D kama desturi. Karatasi nyingi zinazonifikia bado zina mpaka wa zamani. Basi mwenye 24 na hana maumivu yoyote, na figo zake nzima, kwa maoni yangu hana ugonjwa, ana herufi.

Tena mipaka hiyo ilitokana zaidi na watu weupe. Wamarekani weusi huwa na vitamini D ya chini kuliko Wamarekani weupe, na bado huvunjika mifupa kidogo kuliko wao. Nambari haielezi kila kitu.

Nakwambiaje basi kuhusu Afrika? Mwaka 2012 walichapishwa watafiti waliowapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kutwa, wakakuta wastani wa 115 kwa nanomoli, yaani 46. Mwaka 2020 watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoko Kilifi, pamoja na wenzao, walikusanya tafiti za nchi 23 za Afrika zenye zaidi ya watu 21,000. Waliokuwa chini ya 30 kwa nanomoli, ambao ndio upungufu usio na ubishi, walikuwa karibu mmoja kati ya kila watano. Lakini walipowapima watoto wadogo 4,509 wa nchi tano, wakiwemo wa Kilifi, waliokutwa na upungufu wa kiwango hicho hawakufika hata mmoja kwa mia. Watoto hao wanacheza nje. Waliopungukiwa zaidi katika bara letu ni wanawake, watoto wachanga na watu wa mijini.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule mzaliwa wa Gazi. Diani iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, na jua la kutengeneza vitamini liko mwaka mzima. Swali ni kama linakufikia kwenye ngozi. Miale inayofanya kazi hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha wala nguo nzito. Huwa na nguvu wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, na lile jua la saa kumi na moja jioni watu wanalopunga nalo ufukweni halileti kitu cha kutajwa. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, ingawa kwa anayelima au kuvua hilo si tatizo. Tatizo ni kwa mlinzi wa hoteli anayekesha usiku na kulala mchana, mpishi anayeshinda jikoni kuanzia alfajiri, karani, mzee asiyetoka chumbani.

Na ni tatizo kwa akina mama wengi wanaovaa buibui na kufunika uso. Nimewasikia wenzangu wakiwaambia wapunguze mavazi, na jibu hilo mimi huliona ni la uvivu. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na uani. Mama alipepeta mchele, akafua, akasuka nywele za binti yake mikono na vichwa wazi, juani, bila jicho la mtu wa nje. Mwanamke huyo huyo leo amepanga vyumba viwili ghorofa ya tatu Ukunda. Buibui ni lile lile. Kilichopotea ni uani. Mwenye uwanja wa ndani au paa lenye ukuta atumie nusu saa ya kabla ya adhuhuri mara chache kwa wiki, mikono na miguu wazi. Asiyekuwa nao anaweza kumeza kidonge kidogo cha kila siku, yuniti 600 hadi 800, wala hahitaji kupimwa kwanza. Wenye ulemavu wa ngozi, yaani albino, wasilifuate jua hili hata kidogo. Kofia na mikono mirefu iendelee, na ikihitajika wapate kidonge.

Kuna na kundi ambalo husahaulika: wanaomeza fenobabitoni au fenitoini za kifafa, na wanaotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini. Dawa hizi huliharakisha ini kuiharibu vitamini D. Haimaanishi waziache, hasha. Inamaanisha anayezimeza kwa miaka na akaanza kuumwa mifupa apimwe.

Mfupa unapolainika

Bibi mmoja wa miaka hamsini na kitu, wa upande wa Msambweni, alitibiwa baridi yabisi kwa karibu miaka mitatu. Dawa za maumivu zilikwisha kumharibu tumbo. Kilichonishitua ni jinsi alivyoinuka kwenye kiti: alijisukuma kwa mikono yote miwili juu ya mapaja, kisha akatembea akiyumba kama bata. Viungo vyake havikuwa vimevimba. Nilipobonyeza goko la mguu, mbele pale penye mfupa mtupu, aliruka. Alikuwa haombei juani, haendi shamba, na tangu apate kifafa utu uzimani alikuwa akimeza fenobabitoni.

Karatasi yake ilikuwa na picha ambayo kila daktari apaswa kuitambua: kalsiamu kwenye ukingo wa chini, fosfeti chini, kile kimeng'enya kinachoandikwa ALP juu sana, homoni ya zile tezi nne juu, na vitamini D ya 6 kwa nanogramu. Nambari hizi tano zikikaa pamoja ndizo zinazosema mifupa imelainika. Ile ya vitamini D peke yake isingesema. Alipewa vitamini D ya kipimo kikubwa mara moja kwa wiki kwa wiki nane, kisha kidogo kila siku, pamoja na kalsiamu. Maumivu yalichukua miezi kupungua, si siku, na mwezi wa tano aliweza kuinuka mkekani bila kushikwa.

Ninamtaja kwa sababu wapo wawili ninaowaogopea. Yupo huyu, ambaye hapimwi kamwe kwa kuwa watu husema Pwani kuna jua. Na yupo kijana wa miaka thelathini mwenye 24, ambaye ametumia shilingi elfu kadhaa kupimwa na elfu nyingine kuchomwa sindano ya yuniti 300,000, na mwezi unaofuata akachomwa tena kwa kuwa bado anajisikia mchovu. Uchovu una sababu nyingi, na vitamini D si ya kwanza. Uchunguzi wa Marekani uliowafuata watu 25,871, nusu yao wakipewa yuniti 2,000 kila siku kwa zaidi ya miaka mitano, haukuona saratani wala maradhi ya moyo kupungua. Na taarifa yake ya 2022 ilionyesha hata kuvunjika mifupa hakukupungua kwa watu hao ambao hawakuwa na upungufu. Sindano zikirundikana huipandisha kalsiamu: kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu, na hatimaye vijiwe na figo kuharibika.

Matege

Kwa watoto kisa ni kingine kidogo. Miguu iliyopinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi hunyooka yenyewe, na kubebwa mgongoni hakuhusiki. Inayozidi kupinda mtoto anavyokua, huku vifundo vya mikono vikivimba na mbavu zikifanya vinundu, hayo ni matege ya kutibiwa. Kule Korogocho, Nairobi, uchunguzi uliochapishwa karibu na 2018 ulionyesha kiini ni upungufu wa vitamini D ukiandamana na utapiamlo, kwani watoto wa nyumba zilizobanana hawaoni jua. Lakini Nigeria, mwaka 1999, madaktari waliwagawa watoto 123 wenye matege: waliopewa kalsiamu pekee walipona asilimia 61, waliopewa vitamini D pekee asilimia 19. Wale walikuwa na jua, hawakuwa na kalsiamu chakulani. Kwa hiyo kumtoa mtoto wa Lunga Lunga juani tu hakutoshi ikiwa sahani yake ni sima na mchuzi wa nazi. Nazi ni tamu lakini kalsiamu yake ni haba. Dagaa wanaotafunwa na miiba yao, simsim, maziwa lala, sukuma wiki na majani ya kunde ndivyo vyenye kalsiamu. Hata ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika kwa maji ya visima vya Diani ni kalsiamu ya mawe ya matumbawe, ingawa sitamwandikia mtu ukoko.

Mtoto mchanga anayekaa ndani siku arobaini na mama ambaye naye hatoki jua huzaliwa na akiba ndogo. Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2016 ni yuniti 400 za matone kila siku kwa kila mtoto katika mwaka wa kwanza. Matone hupatikana madukani ya dawa.

Na kwa wajawazito, pale chakula kina kalsiamu haba, Shirika la Afya Duniani hupendekeza vidonge vya kalsiamu ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, hata kama nambari ya damu ni sawa, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Kipimo cha zamani kilikuwa gramu moja na nusu au mbili kwa siku, vidonge vingi vya kuchosha. Mwaka 2024 yalichapishwa majaribio mawili, moja India na jingine Dar es Salaam, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza. Yalionyesha miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba. Muulize mkunga wako. Ukipewa, meza kalsiamu pamoja na chakula, na vile vidonge vya kuongeza damu uvimeze saa nyingine, kwa tofauti ya angalau saa mbili, kwa kuwa kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.